Njia Panda ya Lamadi

Mwezi uliopita tulimzika Mayu Holo. Nilifika msibani asubuhi, nikavua viatu, nikazunguka nyuma ya nyumba walikokuwa wanawake wakichambua mchele, na mtu aliyenisogezea sinia alikuwa Kabula. Hatukuwa tumeonana tangu mwaka ule ninaotaka kuueleza hapa. Amenenepa, ametulia usoni, na amekuwa na sauti nzito ya mama mwenye mji wake. Pembeni yake alikaa binti wa miaka kumi na miwili hivi, amefanana naye hadi vidole, na yule binti akamuuliza mimi ni nani. Kabula hakuinua macho kutoka kwenye mchele. Akasema, "Huyu ni Minza. Alinishinda siku moja." Wanawake wakacheka, maana walidhani ni utani wa watu waliowahi kushindana, na mmoja akaniambia kwamba basi nilikuwa na miguu ya chuma. Mimi nilicheka pia. Tukaendelea kuchambua, magoti yetu yakigusana, hadi jeneza lilipotolewa nje, na hakunisemesha tena mpaka tulipoachana. Kaburini watu walisimama mmoja baada ya mwingine kumsifu marehemu: kwamba alikuwa mwanamke wa kwanza kuwapandisha mabinti wa Bariadi kwenye baiskeli za mashindano, kwamba hakuwa na mtoto lakini alilea watoto wa wengi. Yote hayo ni kweli. Niliyasikiliza nikiwa nyuma kabisa, nikamshukuru Mungu kwamba hakuna aliyenitaka niseme.

Habari za kwetu Mkula nitaziacha, hazina tofauti na za nyumba nyingine yoyote yenye shamba la mpunga na ng'ombe wachache. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimefeli kidato cha nne, na ninajua kitu kimoja tu, kunyonga baiskeli. Mayu Holo aliniona kwenye mashindano ya kijijini, akaja nyumbani, akazungumza na wazee, na wiki iliyofuata nikahamia kwake Bariadi. Mayu kwa Kisukuma ni mama, nasi tulimwita hivyo kwa heshima ingawa wakati huo hakuwa amefikia hata arobaini. Mimi leo nimeshavuka thelathini, naukaribia umri huo, na ndiyo maana nimeanza kumfikiria kwa namna ambayo zamani sikuweza. Alikuwa amewahi kushinda ng'ombe watatu kwa miguu yake mwenyewe, katika mashindano matatu, kabla goti halijamwacha. Alitembea akilivuta kidogo. Asubuhi za baridi alikaa kwenye kigoda uani akalikanda kwa mafuta ya ng'ombe, akituangalia tukitoa baiskeli, na macho yake hayakuwa macho ya mtu anayetutakia mema wala mabaya. Yalikuwa macho ya mtu anayeangalia vitu vyake vikitumiwa na wengine.

Mwaka ule Bariadi ilikuwa imefanywa makao makuu ya mkoa. Mji ulikuwa kama nyumba iliyopata wageni kabla haijafagiliwa. Maofisa walihamia na makochi yao kwenye malori, ofisi zilifunguliwa katika majengo ya kuazima, na mwenye chumba kimoja cha nje alikikarabati haraka ili ampangishe mtumishi wa serikali. Mayu Holo naye alipangisha vyumba viwili vya mbele kwa mabwana wa idara fulani, na sisi wasichana watatu tukabanwa chumba cha nyuma: mimi, Kabula wa Nkoma, na Sayi aliyekuwa mdogo wetu kwa mwaka mmoja. Kulikuwa na vitanda viwili. Sayi alilala peke yake kwa sababu alikuwa akipiga mateke usingizini, mimi na Kabula tukalala pamoja. Baiskeli tatu zilisimama ukutani miguuni petu, na chumba kizima kilinuka grisi na mpira. Hadi leo nikifungua duka langu la spea asubuhi, ile harufu inanipokea, na mtu wa kwanza kumkumbuka huwa ni Kabula, mgongo wake, alivyolala bila kujigeuza mpaka kunakucha.

Chakula kilikuwa silaha ya Mayu. Aliyetangulia kurudi kutoka mazoezini alikula ugali na samaki. Aliyefuata alikula ugali na mlenda. Wa mwisho alikula michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa juani, vilivyochemshwa bila chochote cha kuongezea, na alikula amesimama, mlangoni, ili mabwana wa vyumba vya mbele wakipita wamwone. Kila siku mmoja wetu alisimama. Mwanzoni alikuwa Sayi, na Kabula, ambaye karibu kila siku alitangulia, alikuwa akificha kipande cha samaki kiganjani na kumpa Sayi chumbani. Siku moja Mayu aliona. Hakupiga kelele. Alimwita Kabula, akamwambia afungue kiganja, akachukua kile kipande akamtupia paka, kisha akatuambia wote watatu kwamba barabarani hakuna dada. Kuanzia hapo Kabula hakuficha tena samaki, lakini alianza kuchelewa kwa makusudi, siku moja moja, ili asimame yeye mlangoni. Nilimuuliza kwa nini. Akasema michembe haijamuua mtu, kwao wanaila tangu wazaliwe. Mimi sikuwahi kuchelewa kwa makusudi hata mara moja.

Ni yeye aliyenifundisha mengi ninayoyajua. Alinionyesha jinsi ya kupumua kwenye mlima, jinsi ya kulegeza mabega upepo unapokuja kwa mbele, jinsi ya kutafuta tundu kwenye tyubu kwa kuipitisha karibu na midomo badala ya kutafuta karai la maji. Alikuwa mwepesi kuliko mimi, na ninajua alijua, lakini hakuwahi kulisema. Mambo mawili tu aliyataka na kuyataja. La kwanza ni kwamba hataki kurudi Nkoma kulima pamba za baba yake mdogo, ambaye alikuwa ameshaanza kupokea watu wanaokuja kumposa. La pili lilikuwa la kitoto, na alikuwa akilisema huku amejifunika shuka: alitaka kuliona ziwa. Alikuwa na miaka ishirini na hajaliona. Mimi nimekulia karibu nalo, hivyo aliniuliza maswali, kama ni kweli huoni ng'ambo, kama maji yake yana chumvi, na mimi nilimjibu kwa uvivu, kama mtu anayeulizwa habari za jirani.

Mwezi wa tano, habari ya wageni ikaja. Tuliisikia kabla ya kuambiwa, maana dirisha letu lilikuwa juu ya kigoda cha Mayu. Alikuwa akizungumza na bwana mmoja wa vyumba vya mbele, ambaye ndugu yake alikuwa na kampuni ndogo ya utalii. Wageni sita wangetokea mbugani, wapande baiskeli kutoka Lamadi, wafuate mwambao wa ziwa kwa wiki tatu, Mwanza, Geita, hadi Bukoba. Walitaka kuongozwa na msichana wa huku. Msichana mmoja. Akifanya vizuri, kampuni itamchukua moja kwa moja, na baiskeli atakayotumia itakuwa yake. Yule bwana akauliza kama Mayu anaye wa namna hiyo. Mayu akasema anao watatu, na kwamba atawapeleka ziwani Jumamosi, ajue nani ni nani. Sayi alikuwa akisuka nywele zake, akaacha katikati. Kabula alinitazama akatabasamu, nami nikatabasamu, na nakumbuka nilikuwa nikihesabu kichwani milima iliyopo kati ya Bariadi na Mkula.

Jumamosi tuliondoka alfajiri, kabla adhana na kengele hazijamalizana. Mayu alipanda nyuma ya pikipiki ya kukodi, amejifunga kitenge kichwani, chupa zetu za maji akaziweka kwenye kikapu mapajani mwake. Atagawa yeye, alisema, anapotaka yeye. Sheria nyingine ilikuwa moja: hakuna kumngoja mtu. Barabara ilikuwa imewekwa lami vipande vipande, kwingine changarawe iliyolegea, na malori ya pamba yaliyokuwa yakianza msimu yalitupita na kutuachia vumbi la kula. Watu waliokwenda mashambani walitusalimu, mwangaluka, nasi tulijibu kwa pumzi iliyokatika. Mashamba ya pamba yalikuwa yamepasuka meupe pande zote. Kabula aliongoza, mimi nikajibana nyuma ya gurudumu lake ili upepo umpige yeye.

Tulipofika Dutwa, Sayi akashikwa na misuli. Alishuka, akakaa kando ya barabara ameshika paja kwa mikono miwili, akilia kimyakimya. Pikipiki ikasimama. Mayu akashuka, akamtazama kwa muda, akamwambia bodaboda aichukue ile baiskeli aifunge nyuma. Sayi akamwomba maji. Mayu akamwambia maji ni ya wanaoendelea. Alimwacha pale, bila maji na bila nauli, akamwambia apande gari lolote litakalomwonea huruma. Kabula alikuwa amesimama na mguu mmoja chini, anataka kurudi, na Mayu akamwambia kwamba akigeuza usukani basi asirudi kwake tena. Kabula akageuza macho, akapanda. Mimi sikuwa nimesimama kabisa. Nilikuwa nimetangulia kama mita mia hivi, na yote haya niliyaona kwa kugeuza shingo; maneno nilikuja kusimuliwa na Sayi.

Mkula tulifika jua limekwisha kupanda. Nilipita karibu na njia ya kwetu bila kuitazama. Tulikula katika kihoteli cha mabati: wali, maharage, na kwa mara ya kwanza siku ile, maji, chupa moja kila mtu. Kabula alikunywa nusu, akatoka kwenda chooni nyuma. Ndipo Mayu akaniambia mipango. Yeye atatangulia na pikipiki. Tukifika Lamadi tutakuta njia panda. Kulia ni Bunda na Musoma, kushoto ni Mwanza. Tushike kushoto, tuende na ziwa, tutamkuta Nyashimo kwenye nyumba ya wageni ambayo baiskeli ya Sayi itakuwa imesimamishwa nje. Akasema, "Mwambie mwenzako." Akaondoka. Kabula alirudi akijifuta mikono, akauliza kama Mayu ameshatangulia, nikasema ndiyo. Akauliza amesemaje. Nikamwambia amesema tuongeze mwendo. Sikuwa nimepanga kitu. Nimejiuliza miaka yote hii, na bado nasema hivyo: pale mezani sikuwa nimepanga kitu. Lakini lile neno nililopewa nimpe nililimeza pamoja na wali.

Baada ya Mkula aliniacha. Aliondoka tu, kama mtu aliyekuwa akimngoja mtoto amalize kuvaa viatu, na nikaanza kuuona mgongo wake ukiwa mdogo. Nililia barabarani kwa hasira. Kisha nikakuta amepindua baiskeli kando ya barabara, gurudumu la nyuma amelifungua. Msumari. Pampu ilikuwa moja tu na ilikuwa kwenye baiskeli yangu, akanyoosha mkono, nikaifungua nikampa. Kwa muda mrefu nilijihesabia hilo kuwa wema. Akaniuliza, tyubu ikiwa tayari mdomoni, "Huko mbele tunapita wapi? Mayu kasema?" Nikamwambia, "Wewe njoo, utaona." Akacheka, akasema atanikamata kabla sijaliona ziwa. Alikuwa na solusheni na viraka vyake mfukoni na nilijua kazi ile kwake ni dakika chache.

Lamadi kulikuwa na soko. Pale njia panda watu wamejaa, mabasi ya Musoma na ya Mwanza yanapishana, wachuuzi wanakimbilia madirisha na ndizi na karanga. Nilisimama kwa mama mmoja aliyekuwa akikaanga sato kwenye karai kubwa, ili nipumue. Nikageuka nyuma. Barabara ya Bariadi inashuka taratibu kuja Lamadi na unaweza kuona mbali, na mbali nikaona fulana yake ya njano, inakuja. Alikuwa ameinama sana. Nilijua kwa mwendo ule atanipita kabla ya kijiji cha Kalemela, na kwamba mbele ya Mayu atafika amekaa wima, anacheka. Nikamsalimu yule mama, mwadila mayu, akaitikia. Nikamwambia kwa Kisukuma kwamba nyuma yangu anakuja mwenzangu, ana fulana ya njano, akifika amwambie tumekwenda upande wa Bunda. Yule mama akanitazama. Akaniuliza, "Nimwambie Bunda?" Nikasema, "Bunda." Akageuza samaki wake. Mimi nikashika kushoto.

Kutoka pale, barabara inakwenda na ziwa. Si mara zote unaliona, lakini linakufuata: linapotea nyuma ya mashamba ya mpunga, linatokea tena mwisho wa kichochoro cha nyumba za wavuvi, linang'aa, linapotea. Upepo wake ulinipiga ubavuni, wenye ubaridi na harufu ya dagaa walioanikwa mchangani. Watoto walikimbia pembeni wakinihesabia pedali. Nilikuwa peke yangu, njia imenyooka, miguu imeacha kuuma, na nitasema ukweli, sijawahi kunyonga baiskeli vizuri kama nilivyofanya mchana ule. Niliposikia moyo unanienda mbio nilijiambia ni mwendo. Mara mbili nilisimama. Mara ya pili niligeuza kabisa baiskeli ikatazama Lamadi, nikakaa hivyo hadi gari la mizigo likanipigia honi, nikageuza tena. Kama ningerudi ningemkuta. Hilo nililijua pale pale, na ndicho kinachonizuia kusema kwamba nilikuwa mtoto.

Nyashimo nilifika saa nane. Mayu alikuwa amekaa barazani amenyoosha goti, anakula chungwa. Akaangalia nyuma yangu, akauliza Kabula yuko wapi. Nikasema nimemwacha na pancha. Akasema vizuri, akanipa nusu ya lile chungwa. Hakuwa amewahi kumpa yeyote kati yetu kitu kilichotoka mkononi mwake. Nikaoga, nikala sangara, nikapewa chumba. Saa tisa ikapita, saa kumi, saa kumi na moja. Mayu alitazama barabara tu. Mimi nilikaa kitandani nikisikiliza kila breki iliyolia nje. Nilianza kuwaza mambo ya barabara ya Bunda: malori, jua, chupa yake iliyobaki nusu tangu Mkula, tembo ambao hutoka mbugani kule na kuvuka lami kama watu wanaokwenda kwao. Nilimwomba Mungu afike. Halafu nikaomba asifike leo, afike kesho, akiwa mzima. Niliomba vyote viwili kwa dakika moja.

Alifika usiku, giza limeshaingia zamani. Niliisikia baiskeli ikiegemezwa ukutani, taratibu, kama alivyozoea kuiegemeza. Chumba cha Mayu na chetu vilitenganishwa na mbao nyembamba ambazo hazikufika hadi juu, na kila neno lilipita. Mayu alimuuliza alikuwa wapi. Kabula akasema kwa sauti iliyokauka kwamba alikuwa njia ya Bunda, alinyonga hadi karibu kuona mji, ndipo watu wa kizuizi wakamwambia hakuna msichana yeyote aliyepita. Akarudi. Pale Lamadi yule mama wa samaki akamwambia nani aliyemtuma aseme vile. Nilisikia maji yakimiminwa, nikamsikia akinywa, kikombe kimoja, cha pili, cha tatu. Kisha Mayu akasema, kwa sauti ya chini, karibu ya upole, sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwake.

"Alikudanganya, ukadanganyika. Sasa nikikupa wageni sita, mtu akawadanganya njiani, utawapeleka wapi?"

Kabula akasema, "Mayu, ni dada yangu yule. Tunalala kitanda kimoja."

"Ndiyo maana," Mayu akasema. "Nimemchukua Minza. Anaweza kumwacha mtu. Wewe huwezi, nimekutazama mwaka mzima, na kazi hii haina kumngoja mtu. Jumatatu utarudi kwenu. Na usimwambie kwamba unajua. Nataka apumzike, ana safari."

Aliingia chumbani akiwa na vumbi hadi kwenye kope. Nilikuwa nimelala nimeelekea ukutani, macho nimeyafumba. Alivua viatu, akakaa ukingoni mwa kitanda kwa muda mrefu, na nilisikia pumzi yake ikipita puani kwa shida. Akasema, "Sogea kidogo." Nikasogea. Akalala. Mgongo wake ulikuwa wa moto, unatetemeka, na uligusa wa kwangu usiku kucha, kwa sababu kile kitanda kilikuwa chembamba na hakuna aliyekuwa na mahali pa kwenda. Asubuhi tulipakiwa kwenye lori pamoja na baiskeli, tumefunikwa turubai kwa sababu ya vumbi, na kwa sababu ya lile turubai Kabula, aliyelipita gizani usiku, hakuliona ziwa tulipopita nalo. Nililiona kupitia tundu upande wangu. Sikumwambia ahamie.

Jumatatu Mayu aliniita akaniambia nimfungashie Kabula vitu vyake na nimpeleke stendi. Angeweza kumtuma mtu mwingine: kulikuwa na fundi aliyekuwa akichomelea vyuma uani, mabwana wa vyumba vya mbele wangeweza kubeba begi, Sayi mwenyewe alikuwa amerudi tangu Jumapili kwa lori la mkaa. Alinichagua mimi. Nilikunja magauni mawili, fulana ya njano, Biblia ndogo ya Kisukuma, na Kabula alisimama mlangoni, pale pale wa mwisho aliposimama kula, akiniangalia nikikunja. Baiskeli ilibaki ukutani kwa kuwa ilikuwa ya Mayu. Stendi tulingoja gari la Itilima la kupita Nkoma kwa saa nzima tumekaa kwenye benchi moja. Alinunua karanga, akanigawia. Nikala. Nilikuwa najua kwamba anajua, na yeye nadhani alijua kwamba zile mbao hazizuii kitu, lakini hatukufungua midomo. Gari lilipoondoka hakupunga mkono, nami nikarudi nyumbani nikakuta Mayu ameniwekea ugali na samaki.

Wageni walikuja mwezi wa saba. Wiki tatu niliwaongoza mwambaoni, nikiwaonyesha vijiji, nikiwaziba pancha, nikiwaimbia nyimbo za kupalilia walipochoka. Walinipenda. Kampuni ikanichukua kama ilivyoahidi, na kazi ile ndiyo iliyonipa kila kitu nilicho nacho, pamoja na duka. Ningependa kuandika kwamba sikupata usingizi katika wiki hizo tatu, na msomaji angeniamini. Nililala vizuri. Nilifurahi. Hilo limekuwa gumu kwangu kuliandika kuliko lile la Lamadi. Ni baadaye, niliporudi Bariadi nikiwa na baiskeli yangu mwenyewe na nikapewa kile kitanda chote peke yangu, ndipo nilipoanza kuamka na kusikiliza pumzi ambayo haikuwapo. Mayu alikuwa ameshaleta msichana mwingine. Alimwambia anitazame mimi, ajifunze.

Mwisho wa mwaka, mvua zilipoanza, nilichukua ile baiskeli nikaenda Nkoma. Sikumwambia mtu. Nilikuwa nimetunga maneno tangu Bariadi na kwenye kila mto uliojaa niliposhuka kuivusha baiskeli begani niliyarudia. Nilimkuta kwa watu wengine, si kwa baba yake mdogo, maana alikuwa ameolewa mwezi wa tisa. Nilitaka nimkute ameharibikiwa, ili nilie, au nimkute na furaha, ili niondoke. Nilimkuta anapalilia pamba, mgongo wake ule ule, amefunga kitenge, na mama mkwe wake mstari wa pili. Alinyooka akanitazama nikija na baiskeli. Hakushangaa. Tukasalimiana, mhola, mhola duhu, akanipa jembe la mtu ambaye hakuja siku ile. Nilipalilia naye hadi jua likawa utosini. Viganja vyangu vilikuwa vimezoea usukani, si mpini, vikachubuka, na nadhani aliona.

Tulikula kivulini mwa nyumba, viazi na maziwa ya mgando kwenye kibuyu kimoja. Mama mkwe alijitenga kidogo kwa adabu, akawa anafuma kamba. Ndipo nikamwambia Kabula yote. Nilianzia Mkula mezani, neno nililopewa nikalimeza, nikaja kwa mama wa samaki, nikaja kwa baiskeli niliyoigeuza nikaigeuza tena, nikamalizia na zile mbao za Nyashimo na turubai la lori. Nililia katikati, yeye akangoja niendelee. Nilipomaliza aliokota majani ya pamba kwenye kitenge chake, moja moja.

"Nimekusikia," akasema.

Nikamwomba anisamehe. Akatikisa kichwa, si kwa hasira, kama mtu anayekataa kuongezewa chakula.

"Usiku ule Nyashimo sikulala," akasema. "Nilikuwa nakungoja useme. Ungesema hata kidogo, ningekugeukia. Nilingoja stendi pia. Nimengoja mpaka nimeolewa. Sasa kazi ya kungoja nimeiacha, Minza. Umekuja na mzigo wako, umeutua, lakini mimi siupokei. Rudi nao."

Akanyanyuka, akasuuza kibuyu, akachukua jembe lake. Nilisimama nami, nikaenda kwenye baiskeli, nikakaa pale nikijifanya nakagua cheni. Huko kwetu mgeni hasindikizwi kwa maneno tu. Mwenyeji hutoka naye, akashika hata kona ya begi lake, wakatembea hadi barabarani ndipo waagane. Hata mtu usiyempenda unamsindikiza. Mama mkwe alitungoja tutoke, akaona hatutoki. Akamuuliza Kabula kwa Kisukuma, kwa sauti ya mtu aliyeona aibu kwa niaba ya nyumba yake, kwa nini hamsindikizi mwenzake aliyetoka mbali hivyo.

Kabula alikuwa ameshaanza mstari mwingine. Alijibu bila kugeuka.

"Njia anaijua."